Nembo ya ukoo wetu wa Ugogo: pembe za pofu, mbuyu na ng'oma, na sababu ya kila alama

MjukuuWaChamwino (mleta uzi)

Mbukwenyi wanajukwaa.

Ukoo wetu, wenye asili ya vijiji vya Chamwino na ambao leo umetawanyika kuanzia Dodoma mjini hadi Morogoro na Dar es Salaam, umekamilisha nembo yake, na wazee wameniomba niandike maelezo yatakayobaki pamoja na mchoro. Nimeona nianze kwa kuyaleta hapa, kwa sababu kila Desemba naona koo nyingi za kwetu zikichapisha fulana za kikao zenye simba aliyevaa taji, au ngao yenye mapanga mawili yaliyopishana, picha zilizochukuliwa mtandaoni na zisizomhusu yeyote aliyewahi kuzaliwa katika ukoo huo. Msimamo wangu, ambao niko tayari kuutetea, ni kwamba nembo ya ukoo haipaswi kubeba alama yoyote ambayo hakuna mwanaukoo anayeweza kusimama mbele ya wenzake na kuieleza kwa jambo lililotokea.

Niieleze kwanza jinsi ilivyo. Ni ngao ndefu iliyochongoka kidogo juu na chini, kwa umbo la ngao za ngozi zilizotumiwa na wafugaji wa nyanda hizi. Uwanja wake wote ni mweusi. Juu zimewekwa pembe mbili nyeupe za pofu zilizosokoteka na kuelekea juu. Katikati umesimama mbuyu wa rangi ya dhahabu usio na majani, wenye kovu shinani. Chini ya mbuyu kuna ng'oma moja nyeupe. Ukingo wa kuume wa ngao una mikato miwili, na chini ya ngao kuna utepe wenye neno moja: TULIBAKI.

Weusi ndio uliotuchukulia muda mrefu zaidi, kwa sababu vijana wengi waliona kuwa ni rangi ya msiba. Wazee walikataa, na hoja yao ni nzito. Katika matambiko ya mvua ya Wagogo, mnyama aliyetakiwa alikuwa mweusi, awe kondoo au ng'ombe, na nguo ya shughuli hiyo ilikuwa nyeusi pia, kwa kuwa wingu lenye mvua huja likiwa jeusi. Kwa mtu anayeishi katika nchi ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja tu, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi, na ambayo miezi iliyobaki ni upepo na vumbi, anga jeupe lisilo na doa ndilo linalotisha. Tukumbuke pia kwamba katika bendera ya taifa letu weusi ni watu wenyewe. Kwa hiyo uwanja wa ngao yetu unasomeka kwa njia mbili, na zote mbili tunazikubali.

Mbuyu ni kumbukumbu ya Mtunya. Wengi wenu mmewasikia mabibi wakilitaja jina hilo bila kueleza mengi. Ni njaa kuu iliyoipiga Ugogo kati ya mwaka 1917 na 1920, na haikuletwa na ukame peke yake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia majeshi ya Wajerumani, na baada yao ya Waingereza, ambao majeshi yao yaliingia Dodoma mwaka 1916, yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokata, maghala yalikuwa matupu na mifugo ya kubadilisha na chakula ilikuwa imekwisha kuondoka, kisha ikaja homa ya mafua iliyoizunguka dunia nzima. Watu walikufa, familia zikatawanyika. Simulizi ya ukoo wetu, ambayo imetufikia kwa mapokezi ya matawi mawili yaliyokuwa yakiishi mbalimbali na ambayo yanakubaliana juu yake, inasema kwamba waliobaki nyumbani waliishi kwa ubuyu na kwa majani ya mbuyu.

Mchoraji alitaka mbuyu wenye majani mengi, kwa kuwa unapendeza zaidi. Tulimwomba auchore ulivyo wakati wa kiangazi, matawi yakiwa wazi, kwa sababu ndivyo ulivyoonekana kwa watu hao. Lile kovu shinani nalo lina maana yake. Mbuyu hubanduliwa gome ili kupata nyuzi za kamba, na tofauti na miti mingi, ambayo ikibanduliwa gome pande zote hufa, wenyewe huotesha gome jipya na kuendelea kuishi. Sijui alama nyingine ya nchi yetu inayoweza kusema jambo hilo kwa ukweli kama huo.

Pofu ni muzilo wetu, yaani mnyama ambaye ukoo wetu hauli. Wasomaji wa nje ya Ugogo watambue kwamba kila ukoo wa Kigogo una mwiko wake wa namna hiyo, unaorithiwa kwa upande wa baba, na kwamba mtu akikutana na mgeni mahali pa mbali, kuulizana ukoo na muzilo ni njia ya kujua kama ni ndugu. Tulichagua pembe badala ya mnyama mzima kwa sababu nitakazozieleza nikiulizwa. Hapa niseme tu kwamba pofu dume na pofu jike wote wana pembe, jambo ambalo halipo kwa wanyama kama swala pala au tandala, na shangazi zetu ndio walioliona kwanza.

Ng'oma ni ya wanawake. Atakayeuliza kwa nini, aende akatazame muheme, ngoma yetu ya Kigogo, ukichezwa Chamwino au Mvumi, aone ni akina nani wanaobana ng'oma kati ya magoti na kuzipiga. Katika sehemu nyingi za Afrika ng'oma ni kazi ya wanaume. Kwetu muheme uko mikononi mwa akina mama. Ukoo unaohesabiwa kwa baba una hatari ya kuchora nembo ambayo nusu ya watu wake hawamo, na hili tulilizuia tangu mwanzo.

Ile mikato miwili ukingoni ni chapa ya masikio ya ng'ombe wetu. Kabla ya chapa za moto na hereni, mfugaji alimtambua ng'ombe wake aliyepotea kwa jinsi sikio lilivyokatwa, na mikato hiyo ilirithiwa. Tuliona si vema kuichora kama picha nyingine ndani ya ngao. Tukaikata ngao yenyewe, jinsi sikio lilivyokatwa.

Karibuni kwa maswali na kwa kupinga pia.

MwanaKolo

Mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo yaliyopangwa vizuri. Nina swali la msingi kabla ya kufika kwenye alama. Ngao, utepe na kauli chini yake ni muundo wa Ulaya. Wazungu walikuwa na sababu zao: katika karne ya 12 mashujaa wao walianza kuvaa kofia za chuma zilizofunika uso, hivyo mtu alitambuliwa kwa picha iliyochorwa kwenye ngao yake, na baadaye picha hizo zikawa mali ya kurithi. Mababu zetu hawakufunika nyuso. Je, hatuwalazimishi wazee wetu kuvaa nguo ya watu wengine? Mimi natoka Kondoa, ambako kuta za miamba ya Kolo zina michoro ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, yenye wanyama na watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu, na huko hakuna ngao wala utepe.

MjukuuWaChamwino

Ndugu yangu MwanaKolo, swali lako ni la haki na lilizungumzwa kikaoni kwa siku nzima. Nakubaliana nawe kwamba utepe umetoka Ulaya. Tuliuweka kwa kuwa tulitaka neno lionekane, na atakayeuondoa hatakuwa ameiharibu nembo. Ngao ni jambo jingine. Jirani zetu Wamaasai walichora kwenye ngao zao za ngozi ya nyati alama zinazoitwa sirata, kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na mtu aliyezijua aliweza kutambua mwenye ngao ni wa rika gani na wa upande gani wa nchi. Hizo zilikuwa na kazi ileile ya ngao za Ulaya, na hakuna Mzungu aliyewafundisha.

Tazama pia Buganda, ambako kila ukoo una muziro wake mkuu, una mnyama au kitu cha pili kinachofuata, na una mdundo wake wa ng'oma ambao mwanaukoo akiusikia anajua anaitwa. Hiyo ni nembo inayosikika. Lesotho nako, mamba aliye kwenye ngao ya taifa lao ametoka kwa Bakuena, ukoo wa mfalme Moshoeshoe, ambao mamba ndiye mnyama wao. Ukoo ulitangulia, taifa likafuata.

Kuhusu Kolo, pofu ni miongoni mwa wanyama wanaoonekana kwenye kuta hizo. Sitadai kwamba waliomchora ni babu zetu, kwa maana michoro ile myekundu ni kazi ya wawindaji waliokuwapo kabla yetu. Hata hivyo mchoraji wetu alikwenda kuitazama kabla ya kushika kalamu, na jinsi pembe zetu zilivyochorwa, kwa mstari mmoja usio na madoido, inatokana na alichokiona huko.

Mwl_Historia

Nimefundisha somo hili kwa miaka na ninafurahi kuona linajadiliwa kwa uzito. Niongeze mambo machache ya kiufundi.

La kwanza ni rangi. Desturi ya ngao za Ulaya inagawa rangi katika makundi mawili: madini, ambayo ni dhahabu na fedha na ambayo huchorwa kwa njano na nyeupe, na rangi zenyewe, ambazo ni nyekundu, buluu, nyeusi, kijani na zambarau. Kanuni inasema madini yasiwekwe juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Sababu yake ni ya macho: ngao ilipaswa kusomeka kwa mbali, vumbini. Upo mfano mashuhuri wa kanuni hiyo kuvunjwa, nao ni ngao ya ufalme wa Wakristo wa Yerusalemu, iliyokuwa na misalaba ya dhahabu juu ya fedha, na inatajwa mpaka leo kwa sababu ilivunja desturi. Nembo yako, mleta uzi, ina nyeupe na dhahabu juu ya nyeusi, kwa hiyo inaitimiza kanuni hiyo kikamilifu.

La pili ni kuume na kushoto. Upande wa ngao huhesabiwa kwa yule anayeibeba, siyo anayeitazama. Kama mikato yenu iko kuume, mtazamaji ataiona kushoto kwake. Hakikisheni mafundi wote wanalijua hilo. Na jambo la kupendeza ni kwamba ngao za mashindano ya mikuki huko Ulaya zilikuwa na mkato upande huohuo wa kuume, ili mkuki upate pa kuegemea. Mmefika mahali pamoja kwa njia ya sikio la ng'ombe.

La tatu ni swali. Kwa nini hamkuweka wekundu? Udongo wa Ugogo ni mwekundu, na ngao ya taifa letu ina sehemu nyekundu inayowakilisha udongo wenye rutuba.

MjukuuWaChamwino

Mwalimu, shikamoo. Nashukuru kwa la kuume na kushoto. Limeandikwa katika maelezo yetu kwa maneno hayohayo, na fundi wa kwanza alipewa mfano wa fulana yenyewe ili asikosee.

Wekundu ulipendekezwa na watu wengi kama rangi ya nusu ya chini. Uliondolewa kwa sababu mbili. Ya kwanza umeitaja mwenyewe: mpaka wa nyekundu na nyeusi haushikiki kwa macho ya mbali, na mbuyu ungekatwa vipande viwili. Ya pili ni ya mzee wetu mmoja, aliyesema kwamba kwake yeye wekundu ni jua la kiangazi na damu, na kwamba hawezi kukaa chini ya bango linalochanganya mvua na kiangazi katika ngao moja. Hakuna aliyembishia.

Kwa kuwa umeitaja ngao ya taifa, niseme kwa nini tuliiepuka kabisa wakati wa kuchagua. Ile ina mwenge juu ya dhahabu, bendera, shoka na jembe vilivyopishana, mkuki, mawimbi, Mlima Kilimanjaro, pembe za ndovu, mwanamume mwenye mkarafuu miguuni na mwanamke mwenye mpamba miguuni, na maneno Uhuru na Umoja. Kila kimoja kati ya hivyo kina maana iliyokubaliwa na nchi nzima. Ukoo ukichukua mwenge au shoka na jembe lililopishana kwa mpangilio ule, unajivika kitu ambacho si chake, na zaidi ya hapo ipo Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10, inayodhibiti matumizi yake. Nimeona nembo za koo zenye mwenge katikati. Nawasihi wenye nembo hizo wazibadilishe.

MzeeWaMvumi

Mbukwa, mjukuu wangu. Nimesomewa uzi wako na kijana wangu, nami namwambia aandike haya.

Muzilo ni kitu cha kuheshimu. Sisi tulilelewa kwamba kile usichokila hukigusi bila sababu, wala ngozi yake hulalii. Sasa ninyi mmeweka pembe za pofu kwenye fulana. Fulana hufuliwa, huchakaa, hugeuzwa dekio la kufutia sakafu. Je, mmelifikiria hilo, au mmeona uzuri wa picha tu? Pili, mmemwonyesha mgeni muzilo wenu hadharani. Zamani mtu aliulizwa ndipo akajibu.

MjukuuWaChamwino

Mzee wangu, shikamoo, na asante kwa kunipa nafasi ya kueleza kile nilichosema nitakieleza nikiulizwa.

Hoja yako ya kwanza ndiyo iliyofanya tuache kumchora pofu mzima. Mchoro wa mwanzo ulikuwa na pofu aliyesimama, mwenye ngozi inayoning'inia shingoni na mwenye nundu, na ulikuwa mzuri sana. Baba mkubwa aliutazama akauliza neno hilohilo uliloliuliza: utakapochanika, utautupa wapi? Baada ya majadiliano wazee walikubaliana kwamba pembe peke yake ni alama ya pofu na si pofu mwenyewe. Wakaweka na masharti. Nembo kamili huwekwa kwenye bango la kikao, kwenye daftari la ukoo, kwenye muhuri na kwenye kitambaa cha kufunika jeneza la mwanaukoo. Fulana na kofia hubeba mbuyu na mikato miwili tu, bila pembe. Haiwekwi kwenye mkeka, kwenye zulia, wala mahali popote pa kukanyagwa au kukaliwa. Mabango yakichakaa hurudishwa kwa mtunza kumbukumbu, naye huyachoma.

Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na sitaifanya nyepesi. Ni kweli kwamba muzilo ulitajwa mtu alipoulizwa. Lakini kuulizana kulitokea kwa sababu watu walikutana. Leo vijana wa ukoo mmoja wanasoma pamoja Chuo Kikuu cha Dodoma bila kujua kuwa ni ndugu, kwa sababu majina ya mwisho ni ya babu tofauti na hakuna anayeuliza muzilo. Tayari ilitokea kwamba posa ilikaribia kupelekwa kati ya watu wasioruhusiwa kuoana, ikazuiwa na bibi aliyeuliza swali hilo dakika za mwisho. Wazee wetu walipima mambo mawili, usiri wa muzilo na hatari ya watoto kutofahamiana, wakachagua kuuonyesha. Ukoo mwingine unaweza kupima na kuamua tofauti, na uamuzi wao nitauheshimu.

MzeeWaMvumi

Hilo la kuchoma mabango limenituliza. La posa nalikubali. Endeleeni.

Darizi_Majengo

Habari za jioni wakuu. Mimi ni fundi wa darizi, na nembo za vikundi, kwaya na koo ndiyo kazi yangu. Nataka kusema jambo ambalo waandaaji husahau. Nembo hutumika kwa ukubwa wa bango la mita tatu, na nembo hiyohiyo hutakiwa kukaa kifuani kwa upana wa vidole vinne. Mistari myembamba haishoneki. Uzi wa mashine una unene wake, na herufi ndogo hugeuka kuwa doa. Ngao za maaskofu huwa na kofia yenye vishada pande zote mbili, sita kila upande kwa askofu, kumi kwa askofu mkuu, kumi na tano kwa kardinali, na kila kishada lazima kihesabike, kwa hiyo nazijua taabu za vitu vidogo. Mleta uzi, matawi ya mbuyu wenu ni mangapi, na pembe zina misokoto mingapi? Msipoidhinisha idadi, kila fundi atatoa yake.

MjukuuWaChamwino

Ndugu fundi, umesema jambo la maana sana. Matawi makuu ni matano, kwa kuwa ukoo una matawi matano yanayotokana na watoto wa babu mmoja, na hayo hayapungui wala hayaongezeki. Misokoto ya pembe haikuwekewa idadi; inatosha ionekane kuwa imesokoteka na kunyooka, isije ikadhaniwa ni pembe za tandala, ambazo hujipinda kwa mawimbi makubwa. Kwa darizi ndogo ya kifuani utepe na neno lake huachwa. Rangi nazo tulizieleza kwa maneno peke yake: nyeusi, nyeupe, dhahabu. Uzi wa njano iliyokolea au wa njano ya mtama ulioiva vyote vinakubalika, mradi jicho lione dhahabu. Nimejifunza kwamba hata katika desturi ya Ulaya maelezo ya maneno ndiyo yenye mamlaka, na kila mchoraji anaruhusiwa kuchora kwa mkono wake maadamu hajavuka maelezo hayo. Kwa ukoo usio na fedha za kumlipa mchoraji mmoja daima, huo ni utaratibu wenye busara.

Kijana_Area_D

Nimeona tovuti za nje ambazo unaandika jina la ukoo wako, unalipa, unatumiwa nembo pamoja na cheti. Je, hizo zina uhalali wowote? Na hapa Tanzania mtu anasajili wapi nembo ya ukoo ili isiibiwe?

Mwl_Historia

Kijana wangu, achana na tovuti hizo. Huko Uingereza kwenyewe, ambako ofisi ya College of Arms ilianzishwa mwaka 1484, ngao hupewa mtu na kurithiwa na wazao wake. Haitolewi kwa jina. Watu wawili wenye jina moja wanaweza kuwa na ngao zisizofanana, na maelfu ya wenye jina hilo wasiwe na ngao kabisa. Anayekuuzia ngao ya jina anakuuzia picha.

Katika bara letu, Afrika Kusini ina ofisi ya kusajili nembo tangu mwaka 1963, na Kenya ilitunga sheria ya kuanzisha chombo chake mwaka 1968. Kwetu hakuna daftari la serikali la nembo za koo. Mchoro wenyewe, ukiwa kazi ya sanaa, unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ukoo ukitaka kufanya biashara kwa alama hiyo unaweza kuipeleka BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, kama alama ya biashara. Muhimu ni mchoraji aandikiane na ukoo kwamba haki za mchoro ni za ukoo; bila maandishi hayo mgogoro huja siku kazi inapopendwa. Chapa ya mifugo ni jambo tofauti, ina sheria yake ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ya mwaka 2010, na mikato iliyo kwenye nembo haiwezi kuchukua nafasi ya usajili huo.

Binti_Mpwapwa

Kaka mleta uzi, nimesoma yote na nimeguswa na habari ya Mtunya, maana hata kwetu Mpwapwa bibi aliitaja. Nina maswali mawili. Kwanza, neno TULIBAKI halisemi chochote kuhusu waliokufa au waliohama wasirudi. Pili, umesema pembe zina maana kwa pofu jike na dume, na ng'oma ni ya wanawake. Vizuri. Lakini binti akiolewa, ngao anaondoka nayo au anaiacha mlangoni? Na watoto wake? Huko Ulaya nasikia mwanamke hakupewa hata ngao, alipewa umbo la almasi kwa kuwa hakwenda vitani. Sipendi nembo yenye wanawake ndani ya picha na isiyo na wanawake katika matumizi.

MjukuuWaChamwino

Dada yangu, umeuliza maswali mawili mazito kuliko yote ya uzi huu.

Neno letu lilipendekezwa na bibi aliye mkubwa kuliko wote tulio nao, ambaye mama yake aliiona Mtunya kwa macho. Kijana mmoja alitaka tuandike umoja, kazi na maendeleo, na bibi akamwambia kwamba maneno hayo yanaweza kuandikwa kwenye mlango wa ofisi yoyote. Kuhusu waliokufa na waliopotea, hawakusahauliwa, lakini hawako kwenye neno. Wako kwenye tawi. Kati ya yale matawi matano ya mbuyu, moja la upande wa kushoto limechorwa fupi, limekatika nchani. Ni tawi la mtoto wa babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi, wala hakuacha mtoto. Bado tunalihesabu.

Kuhusu binti aliyeolewa, sehemu ya kwanza imeamuliwa. Anaibeba ngao nzima, bila alama ya kupunguza wala umbo tofauti, akiwa kwa mume au amerudi nyumbani, na anafunikwa kwa kitambaa chake siku ya mazishi kama familia ya mumewe inaridhia. Umbo la almasi tulilisikia, tukalikataa kwa kauli moja.

Sehemu ya watoto wake haijaamuliwa. Ukoo na muzilo vinarithiwa kwa baba, kwa hiyo wako wanaosema mtoto wa binti ana nembo ya baba yake, au atangoja ukoo wa baba yake utengeneze yake. Wako wengine, nami nimo, wanaosema watoto wengi wa dada zetu wamelelewa katika nyumba zetu na wamelima mashamba yetu, na kwamba ng'oma iliyo chini ya mbuyu haina maana kama mjukuu wa upande huo hana chochote cha kushika. Pendekezo lililo mezani ni kwamba wao wachukue ng'oma peke yake, nyeupe juu ya nyeusi, ndani ya ngao isiyo na mikato, ambayo wataiunganisha na chochote cha baba zao. Wazee wawili wanalipinga kwa hoja kwamba litaleta madai ya ardhi, na hofu hiyo si ya kupuuzwa, kwa kuwa mashamba ya huku hayana hati. Shangazi mkubwa ndiye atakayelitetea kwenye kikao cha Desemba, na ameniomba nikusanye mifano ya koo nyingine zilizolikabili jambo hili. Aliye na mfano wa kwao, awe wa Wagogo, Warangi, Wakaguru au Wanyaturu, aulete hapa nami nitamfikishia.